Kabureta imekuwa nyeusi, bolti zimerudisha kutu: kutafuta chanzo cha kasoro kwenye vipuri vya injini za magari ya zamani

Mzee mmoja aliingia karakanani na mfuko wa nailoni, akatoa kabureta ya Solex ya Pijo 404 na kuiweka mezani. "Fundi, hii ilikuwa na rangi ya dhahabu," akasema. "Kijana wangu kaichemsha, sasa imekuwa kama sufuria ya maharage."

Nilicheka, kisha nikamwomba radhi, maana alikuwa amenipa jibu bila kujua. Kijana aliichemsha na nini? Magadi. Kila mpishi anajua sufuria ya alumini inayopikiwa maharage kwa magadi hushika weusi usiotoka kwa sabuni. Kabureta ile ilipata yaleyale, tena ikiwa imetengenezwa kwa madini dhaifu kuliko sufuria.

Kasoro nyingi zinazoletwa kwangu zikiitwa "zinki mbaya" au "rangi feki" zilizaliwa siku ya kusafisha. Kilichopakwa juu kinabeba lawama tu, kwa sababu ndicho kinachoonekana kikianguka miezi mitatu baadaye. Kwa hiyo kwenye kila dalili hapa chini nitauliza kwanza kipuri kilioshwa na nini, ndipo nije kwenye kilichopakwa.

Neno moja nitalitumia sana: ngozi. Namaanisha chochote ambacho kiwanda kilikiacha juu ya chuma, iwe ni zinki, kadimi, kromati (utando wa kinga unaoachwa na dawa ya kromu), fosfeti, rangi, au utupu wa alumini kama ilivyotoka kwenye kalibu.

Kabla ya dalili yoyote: hiki ni kitu gani?

Sumaku ni ya kwanza. Ikishika, una chuma au chuma cha kusubu. Isiposhika, usikimbilie kusema ni alumini, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupotea. Kabureta za Solex na Zenith zilizofungwa kwenye Pijo na Land Rover za zamani ni za zamaki, aloi ambayo karibu yote ni zinki, ikiwa na alumini asilimia 4 hivi. Waingereza huiita mazaki. Kabureta ya SU, kwa upande wake, ina mwili wa alumini. Zote mbili zikichakaa huwa za kijivu, na kwa macho zinafanana.

Mizani ya jikoni inamaliza ubishi. Pima uzito wa kipuri kwa gramu, kizamishe kwenye jagi lililojaa pomoni, pima maji yaliyomwagika kwa mililita, kisha gawanya uzito kwa maji. Ukipata karibu 2.7 ni alumini. Ukipata 6.6 au 6.7 ni zamaki. Saba na kidogo ni chuma cha kusubu, ila sumaku ingekwisha kukuambia. Na ukipata 1.8 simama kabisa, hiyo ni magnesi. Kasha la injini la Volkswagen Beetle ni la aloi ya magnesi, na siki ya mezani inatosha kulitafuna. Vumbi lake likipata cheche huwaka, na moto wake haumwagiwi maji. Hufukiwa kwa mchanga mkavu. Kwa hiyo kasha la Beetle lisikaribiane na grainda wala asidi. Mafuta ya taa, brashi ya manyoya, na subira.

Ukishajua madini, tafuta ngozi ilikuwa ipi. Usitazame mahali pa wazi palipopigwa na joto na petroli kwa miaka 50. Fungua bolti moja utazame chini ya washa. Tazama nyuma ya bati la jina, chini ya klipu ya waya, na ule ukingo uliofunikwa na gasketi. Hapo utakuta kipande cha ukubwa wa kucha ambacho hakijawahi kuona jua. Kipige picha mchana, kivulini, kabla hujagusa kitu kingine. Mimi huweka picha hiyo kwenye simu na kuirudia kila hatua, kwa sababu kumbukumbu ya rangi hudanganya.

Dalili: kipuri kimekuwa cheusi au kijivu kizito baada ya kuoshwa

Chukua kitambaa cheupe ukisugue kipuri kwa nguvu. Kitambaa kikitoka na masizi, una bahati. Kisipotoka kitu, na ukipitisha ukucha unahisi mikwaruzo kama ya msasa, basi uso umeliwa na weusi ndio rangi ya shimo.

Sababu kwenye alumini ni hii. Alumini ya kusubu si alumini tupu; imechanganywa na silikoni, na mara nyingi shaba kidogo, ili imiminike vizuri kwenye kalibu. Magadi, na zaidi yake soda ya kostiki, huyeyusha alumini lakini haviyeyushi silikoni wala shaba. Vile visivyoyeyuka hubaki juu kama masizi. Kadiri unavyoendelea kuchemsha ukidhani bado haijatakata, ndivyo unavyozidi kufukua masizi mapya.

Kosa la pili hufuata hapohapo: mtu akiona weusi huleta asidi ya betri. Hiyo ni asidi ya salfa, nayo haina uwezo wa kuondoa silikoni. Itaongeza mashimo, na itakula vishafti vya chuma ulivyosahau kuvitoa. Kwenye viwanda vya kupaka madini kwa umeme masizi hayo hutolewa kwa kuchovya kwenye asidi ya nitriki iliyochanganywa na floridi. Mimi sikai na nitriki karakanani, moshi wake ni wa kuogopa, na ninapokaa upepo hauna adabu. Ninasugua kwa sabuni ya vyombo na kitambaa cha nailoni cha kijivu, kile laini kabisa, chini ya maji yanayotiririka. Kazi ya saa mbili kwa tapeti kava moja (mfuniko wa juu ya valvu). Mwenye mashine ya kupiga shanga za kioo pamoja na maji atamaliza kwa dakika kumi na kupata sura bora kuliko yangu.

Kwenye zamaki tiba ni nyingine. Weusi wake ni utando mwembamba wa zinki iliyochomwa, na unahitaji asidi hafifu sana kwa muda mfupi sana. Gramu 50 za asidi ya sitriki, ile chembe nyeupe inayouzwa kama chumvi ya ndimu, kwa lita moja ya maji. Chovya, hesabu hadi 20, sugua kwa mswaki, suuza, kausha kwa hewa. Ukiona mapovu mengi umeshachelewa kutoa. Kabla ya hapo kila jeti, kila springi na kila kishafti kiwe kimetoka. Na ukikuta unga mweupe umeota ndani ya vijia vya petroli, sahau habari ya sura kwanza. Kabureta hiyo inabidi ithibitishe kama bado inaweza kupumua.

Unauliza basi kijana angeichemsha na nini? Asingeichemsha. Mafuta ya taa usiku kucha, brashi, kisha sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu. Hakuna zaidi. Kabureta ya yule mzee ilitoa masizi kwenye kitambaa, kwa hiyo iliponea.

Dalili: malengelenge kwenye kabureta "iliyopakwa zinki upya"

Hii ni fupi kwa sababu chanzo ni kimoja. Rangi ya dhahabu ya Solex si zinki iliyopakwa. Zamaki yenyewe ndiyo zinki. Kiwanda kiliichovya kwenye kromati tu, ikaota utando wa njano. Ukiipeleka ipakwe zinki kama bolti, asidi ya bafu, yaani beseni la kuchovyea, huingia kwenye vitundu vya zamaki, hunaswa chini ya ngozi mpya, na joto la injini linapoanza hewa iliyofungiwa hutafuta pa kutokea. Zamaki inayohitaji kupakwa madini huanza na shaba, kwa kazi ya kiwandani. Kabureta yako haihitaji hayo. Mwambie fundi wa kiwanda, kwa maneno hayahaya: "Usipake zinki. Safisha, kisha kromati peke yake."

Dalili: njano imetoka, lakini si ile

Njano iliyopauka, kama chai ya rangi iliyotiwa maji mengi, ni dalili ya kuchovya kwa muda mfupi au bafu lililochoka. Kahawia inayoelekea zeituni ni kuchovya kupita kiasi. Mabaka yenye umbo la kidole ni mafuta ya mkono wako: kipuri kilisafishwa kikashikwa bila glovu. Mabaka yenye ukingo kama ramani ni maji ya kusuuzia, hasa maji ya kisima cha pwani yenye chumvi. Suuza ya mwisho tumia maji ya betri, yale yaliyosafishwa ya kuongezea, si asidi. Dumu la lita tano ni bei ndogo kuliko kurudia kazi.

Njano inayotoka kama unga ukiigusa ina sababu tatu, na huulizwa kwa mpangilio huu. Je, iliguswa ikiwa mbichi? Utando wa kromati ukitoka kwenye bafu ni laini kama utelezi, na hukomaa kwa saa 24. Je, ilikaushwa kwa moto? Ukipita nyuzi joto 60 au 70 utando hupasuka na kinga yake hupungua; hewa ya kawaida inatosha. Je, ilisuuzwa kwa maji ya moto? Hayo huosha njano yenyewe. Kama majibu yote ni hapana, basi ilikaa bafuni mno.

Halafu kuna malalamiko ambayo hayana kosa ndani yake: kipuri kimetoka kizuri lakini njano yake ni baridi, haina ule mng'aro wa kijani na waridi kama mafuta juu ya maji. Njano ya zamani ilitokana na kromu yenye valensi 6, ambayo husababisha saratani. Umoja wa Ulaya uliizuia kwenye magari mapya kuanzia tarehe 1 Julai 2007, na viwanda vingi vikahamia kromu yenye valensi 3, ambayo kwa asili hutoa rangi ya buluu hafifu au karibu na uwazi, na njano yake mara nyingi huongezwa kwa rangi. Ukitaka ile ya zamani itabidi utafute kiwanda ambacho bado kinaifanya kwa kibali. Usiinunue chupani ukaifanyie nyumbani. Kuitumia ni hatari, na kuimwaga ni hatari zaidi, kwa sababu mtaro wa nyuma ya karakana huishia kwenye kisima cha mtu.

Dalili: bolti zimerudisha kutu

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi na wateja, na swali langu la kwanza ni: kutu imeanzia wapi?

Ikiwa imeanzia kwenye kona za kichwa, tazama spana yako. Spana iliyolegea hukwangua zinki kwenye zile kona sita siku ya kwanza. Zinki ya bolti ni nyembamba, kwa kawaida kati ya mikroni 5 na 12, na unywele wa mtu ni mnene mara kadhaa kuliko hapo. Tumia soketi ya pembe sita inayobana vizuri, si ile ya pembe kumi na mbili.

Ikiwa kutu iko kwenye mashimo, mfano ndani ya kichwa cha bolti ya allen au kwenye kona ya ndani ya breketi, kosa ni la umeme unaobeba zinki ndani ya bafu. Umeme hupenda ncha na ukingo. Kwenye mashimo hufika kwa shida. Breketi ya altaneta inaweza kuwa na zinki ya kutosha ukingoni na karibu hakuna kwenye pembe ya ndani. Dawa ni kuigeuzageuza ndani ya bafu na kuzungusha vipande vya zinki pande zote, visiwe upande mmoja.

Ikiwa kutu imetoka kila mahali kama vipele, rudi kwenye kusafisha. Kutu ya zamani ilibaki ndani ya vishimo na zinki ikapita juu yake, au asidi iliyotumika kuondoa kutu haikusuuzwa. Asidi ya haidrokloriki ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kloridi yake hujificha kwenye vishimo na kuendelea kula chini kwa chini. Kwa chuma cha kawaida mimi napendelea molasi, ileile wanayolishwa ng'ombe: sehemu moja kwa maji sehemu tisa, wiki moja mpaka mbili. Inanuka, majirani watalalamika, lakini inakula kutu na kuacha chuma. Usitie alumini wala zamaki ndani yake. Njia ya umeme kwa magadi nayo ni nzuri kwa chuma, kwa masharti mawili. Fanyia nje, kwa sababu inatoa haidrojeni. Na kile kipande cha pili cha kupitishia umeme kisiwe chuma cha pua, kwa sababu hicho hukutengenezea ileile kromu 6 tuliyoikimbia hapo juu.

Unga mweupe si kutu ya chuma. Ni zinki yenyewe ikioza, na maana yake bolti haikupata kromati au ilihifadhiwa ikiwa na unyevu. Ipanguse, ipake mafuta. Bado ina maisha.

Wanaopaka nyumbani kwa siki, chumvi ya haluli na vipande vya zinki huleta dalili mbili. Ya kwanza ni unga mweusi ukingoni, yaani umeme mwingi. Anza na ampia 1 hadi 2 kwa kila desimita ya mraba ya uso, ukihesabu na nyuzi za bolti. Chaja ya betri ya gari isiyo na kidhibiti itakuunguzia kila kitu. Ya pili ni sura ya kijivu isiyong'aa, ambayo si kasoro. Pitisha brashi ya waya wa shaba njano taratibu na mng'aro utatokea.

Zinki inayobanduka kama ganda la kitunguu ni mafuta. Maji yanajua: ukitoa bolti kwenye suuza, maji yafunike uso wote kama kioo. Yakijikusanya matone, bado kuna mafuta, na ukiendelea unapoteza muda.

Sasa lile la hatari. Siku moja nilipaka zinki bolti za gurudumu la injini (flaiwili), zikatoka nzuri mno, nikazifunga kwa kipimo sahihi na kwenda nyumbani. Asubuhi kichwa cha bolti moja kilikuwa sakafuni. Hakuna aliyeigusa. Haidrojeni inayozalishwa na asidi na umeme huingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kiwe chepesi kuvunjika, na huvunjika baadaye, saa au siku kadhaa baada ya kukazwa. Nashukuru ilivunjika karakanani na si barabarani.

Kwa hiyo soma kichwa cha bolti kabla ya kitu kingine. Namba 8.8 haina shida kubwa. 10.9 na 12.9 zina shida. Kwenye bolti za inchi, mistari mitatu ni gredi 5 na mistari sita ni gredi 8. Hiyo ya sita iweke kwenye kundi la hatari. Bolti hizo zikipakwa lazima zichomwe kwenye oveni ndani ya saa nne baada ya kutoka bafuni, kwa nyuzi 190 hadi 220, kwa saa nne angalau, na nyingi zaidi ni bora. Uchomaji huo ufanyike kabla ya kromati, kwa sababu kromati, kama tulivyoona, haivumilii joto. Ukiuliza kiwanda "mnachoma kabla ya njano?" na fundi akakutazama kama unamsimulia ndoto, chukua bolti zako urudi. Bolti za koneki rodi, za gurudumu la injini na springi zote mimi sizipaki tena hata kwa oveni. Nazisafisha kwa brashi na kuzipaka mafuta.

Jambo la mwisho kuhusu bolti: Waingereza wa miaka ya 1950 na 1960 walipenda kadimi. Ina rangi ya fedha laini, au zeituni yenye dhahabu ikiwa ilichovywa kromati. Ni sumu. Usiipige brashi ya mashine, usiichome, usiichomelee. Ikiwa bolti ya Land Rover ya zamani ina mng'ao wa upole kama maziwa na inakaribia kutoka, iloweshe kwanza, sugua kwa mkono ukiwa na glovu na barakoa, au mpe anayejua. Badala yake zinki ya njano ndiyo watu wengi wanakubali.

Dalili: alumini imepigwa mchanga, sasa inafanana na saruji

Mchanga una kona kali. Hukata alumini na kuacha maelfu ya vishimo visivyorudisha mwanga, na kila kidole kinachogusa huacha alama ya mafuta. Ngozi ya kalibu ilikuwa laini zaidi, yenye mng'ao hafifu. Kuirudisha kunahitaji kitu cha mviringo kinachogonga badala ya kukata: shanga za kioo, kwa shinikizo dogo, bora zikiwa na maji. Hata uso uliokatwa na mchanga hupona kiasi ukipitishwa shanga baadaye.

Huku pwani kuna la ziada. Mchanga wa ufukweni una chumvi. Unaigonga chumvi ndani ya alumini na chuma kwa nguvu ya kompresa, kisha unashangaa vipele vyeupe baada ya masika. Na mchanga wowote wa kawaida hutoa vumbi linaloharibu mapafu bila dawa. Sababu mbili hizo zatosha kuuacha.

Aliyetumia soda ya kuokea badala ya mchanga, na rangi yake ikabanduka kama karatasi, ana chanzo tofauti: unga wa soda umebaki. Osha kwa maji mengi yenye siki kidogo, suuza, kausha, ndipo upake.

Onyo lisilohusu sura: shanga moja ikibaki kwenye njia ya oili itaua beringi za injini nzima. Tapeti kava yenye vibati vya ndani vya kuzuia oili, manifoldi ya hewa, kasha la taiming: vizibe matundu yake yote kabla, na baada ya hapo maji moto ya sabuni, brashi ya chupa, hewa, na tena. Nikiona kipuri chenye vibati vya ndani visivyofunguka, sikipigi kitu chochote.

Dalili: rangi ya bloku inavimba, manifoldi ya eksozi inabaki uchi

Chuma cha kusubu kina vitundu, na miaka ya oili imo ndani. Unaosha, inakauka, inaonekana safi, unapaka. Injini inapata joto, oili inatoka jasho na kuinua rangi. Osha kwa sabuni, pasha bloku joto kwa taa au jua kali la mchana, panguza kwa asetoni, rudia mpaka kitambaa kitoke kikavu. Ndipo praima. Rangi iliyovimba karibu na gasketi tu haisemi chochote kuhusu rangi, gasketi inavuja.

Manifoldi ya eksozi ni kisa kingine. Rangi ya silva ya dukani inaungua safari ya kwanza. Hata ile ya silikoni iliyoandikwa nyuzi 600 hubanduka ikiwekwa juu ya praima ya kawaida au ikipashwa moto wote kwa mara moja. Ipake kwenye chuma kitupu, nyembamba, washa injini dakika 10, acha ipoe kabisa, kisha 20, kisha 30. Manifoldi nyingi kiwandani zilikuwa tupu, kwa hiyo kuipaka grafiti ya jiko na kuisugua si udanganyifu.

Dalili: vipuri vyeusi vimegeuka kahawia

Fosfeti na weusi wa oksaidi si kinga peke yake. Ni sifongo ya kushikilia mafuta. Ukiviosha kwa petroli ili vipendeze kwenye picha, umeondoa kinga. Mafuta mepesi, kitambaa, basi.

Dalili: hakuna kasoro, lakini si yake

Hii hakuna anayeilalamikia isipokuwa mimi. SU zilikuwa na kopo la juu lililong'arishwa na mwili wa kawaida wa kalibu. Mtu anang'arisha vyote, hadi nyuma, na akijisahau anapitisha msasa ndani ya kopo ambako pistoni huteleza kwa nafasi ndogo kabisa. Sasa kabureta inang'aa na injini inacheza sailensa, yaani haitulii gari likiwa limesimama. Makopo na pistoni huenda kwa jozi. Usiyabadilishane, na usiguse ndani. Pijo 404 tunaiheshimu kwa mbio za magari za Safari Rally ilizoshinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, kwenye vumbi na matope. Sioni sababu ya kuivisha kioo.

Dalili: imeharibika kabla haijafungwa

Ukisubiri gasketi kutoka nje kwa miezi miwili, vipuri vyako vinakaa rafuni. Nailoni iliyofungwa hutoa jasho usiku, na zinki mpya huota unga mweupe. Boksi la karatasi lina asidi kidogo, na gazeti huacha herufi zake juu ya alumini. Nina tapeti kava moja ambayo ukiigeuza kwenye mwanga utasoma nusu ya tangazo la kiwanja. Kitambaa cha pamba kikavu, mafuta kidogo kwenye chuma, alumini ikiwa kavu na imefungwa peke yake, isigusane na bolti. Na uandike kwa penseli kwenye karatasi ya nje bolti ipi ilitoka wapi, maana zikishakuwa za njano zote hufanana.